Walikuwa sahihi, wakashindwa kushawishi: uchambuzi wa kikao cha usiku wa kuamkia Challenger

Saa 2:45 usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kwa saa za Florida, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, waliokuwa Utah, waliingia kwenye kikao cha simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakiwa na ombi moja: Challenger isirushwe kesho yake, kwa kuwa baridi ni kali mno. Walikuwa sahihi. Kikao kiliisha kwa kampuni yao yenyewe kubadili ushauri, Challenger ikaruka saa 5:38 asubuhi ya tarehe 28, na sekunde 73 baadaye ikasambaratika angani. Watu wote saba waliokuwemo walikufa, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Kisa hiki hufundishwa sana kwenye uhandisi na kwenye maadili ya kazi. Mimi nakichambua kama kisa cha uwasilishaji. Ni nadra kupata wasilisho lililoshindwa ambalo slaidi zake zimehifadhiwa na wahusika wake wakuu wamehojiwa kwa kiapo walisema nini na kwa nini. Tume ya Rais iliyoongozwa na William Rogers ilifanya kazi hiyo, na ripoti yake ilitoka Juni 1986. Kwa yeyote anayesimama mbele ya watu kuwaomba wabadili uamuzi ambao tayari mioyoni mwao wameshaukata, sioni kisa chenye mafunzo mazito kuliko hiki.

Hoja yenyewe

Roketi mbili za pembeni zilizokisukuma chombo hicho zilijengwa kwa vipande vikubwa vya chuma vilivyounganishwa. Kila kiungio kilizibwa kwa pete mbili nyembamba za mpira zilizoizunguka roketi nzima. Roketi inapowashwa, shinikizo la ndani hukitanua kiungio kidogo sana, na pete inatakiwa kutanuka papo hapo, ndani ya sehemu ya sekunde, ifuate mwanya huo na kuuziba kabla gesi ya moto haijapenya. Mpira ukipata baridi huwa mgumu, hukawia kurudi kwenye umbo lake. Hiyo ndiyo hoja nzima. Mtoto wa shule ya msingi angeielewa, na hilo tulikumbuke tunapotazama jinsi ilivyowasilishwa.

Slaidi 13

Wahandisi walikuwa na saa chache tu za kujiandaa. Walituma kwa faksi slaidi 13, nyingine zimeandikwa kwa mkono, zisomwe na watu wa NASA waliokuwa Alabama na Florida huku wao wakizieleza kwa simu. Hakuna aliyeuona uso wa aliyekuwa akimshawishi.

Ushahidi wao mkubwa ulikuwa safari ya Januari 1985. Siku ile pete zilikuwa na nyuzi 53 za Farenhaiti, takriban 12 za Sentigredi (kuanzia hapa natumia Sentigredi), baridi kuliko safari nyingine zote. Roketi zilipookotwa baharini na kufunguliwa, grisi iliyokuwa kati ya pete mbili ilikutwa nyeusi tii kwa masizi. Gesi ya moto ilikuwa imeipita pete ya kwanza. Roger Boisjoly, mhandisi aliyeyaona masizi hayo kwa macho yake, alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake Julai 1985 kwamba tatizo la viungio lisiposhughulikiwa linaweza kuleta maafa makubwa kabisa, watu wakafa.

Lakini kwenye slaidi hizohizo waliorodhesha pia safari ya Oktoba 1985, ambayo nayo ilivuja, na siku hiyo pete zilikuwa na nyuzi 24. Kwa aliyekuwa akisikiliza upande wa pili wa simu, hesabu ilikuwa nyepesi: imevuja kwenye baridi, imevuja kwenye joto, basi baridi si neno. Boisjoly alikuwa na jibu zuri. Masizi ya Oktoba yalikuwa ya kijivu na machache, ya Januari yalikuwa meusi na yameenea mbali. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya usiku ule. Shida ni kwamba jibu lilikuja baada ya swali kuulizwa. Hoja inayotolewa kujibu pingamizi lililokwisha kutamkwa husikika kama utetezi, hata iwe nzito kiasi gani. Wangeanza nayo wenyewe, wakasema wazi kwamba ndiyo, hata nyuzi 24 iliwahi kuvuja, na hizi hapa picha za siku zote mbili, swali lingekufa kabla halijazaliwa.

Kuna kosa la pili, na hili naliona zito zaidi. Kwenye orodha ya nyuzi joto waliweka majaribio manne ya ardhini yaliyofanywa kwenye nyuzi 8 hadi 11, ambayo hayakuonyesha uvujaji. Kisha slaidi ya mapendekezo ikasema: msirushe ikiwa pete zina chini ya nyuzi 12. Msomaji makini anasita hapo. Kama nyuzi 12 ndiyo siku iliyovuja vibaya kuliko zote, inakuwaje iwe ndiyo mpaka wa usalama? Na kama majaribio ya nyuzi 8 yalikwenda salama, kwa nini 12 na si 8? Wahandisi waliichagua 12 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mwisho wa uzoefu wao wa kuruka. Chini ya hapo hawakujua chochote kwa hakika. Ni sababu ya kiungwana kabisa. Lakini hawakuisema hivyo. Waliitoa namba kana kwamba imetokana na hesabu, na namba ya namna hiyo ikiguswa kidogo huanguka na kila kilichoegemea juu yake.

Wakati huo makadirio ya pete za Challenger kwa asubuhi ya kesho yake yalikuwa takriban nyuzi 2 chini ya sifuri. Yaani nyuzi 14 chini ya baridi kali kuliko zote walizowahi kurukia. Pengo hilo lilikuwa mle mle kwenye orodha, mstari mmoja miongoni mwa mistari, bila chochote cha kumwambia msomaji kwamba ndiyo sababu ya kuitisha kikao. Wahandisi waliandika kana kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye uwasilishaji, haswa usiku, haswa kwa watu waliochoka na wenye ratiba, huambiwa.

Pingamizi la NASA

Lawrence Mulloy, aliyesimamia mradi wa roketi hizo upande wa NASA, aliona kwamba anaambiwa akubali kigezo kipya cha kuruka usiku wa kuamkia safari. Akauliza kwa hasira: Mungu wangu, Thiokol, mnataka nirushe lini, Aprili ijayo? Swali hilo lilibadilisha ajenda yote. Kabla yake, watu walikuwa wakiuliza kama pete itaziba. Baada yake, wakawa wanauliza kama mkandarasi ana mantiki. Na mkandarasi alikuwa na historia: Agosti 1985 kampuni hiyohiyo, mbele ya makao makuu ya NASA, ilieleza udhaifu wa viungio na bado ikahitimisha kwamba ni salama kuendelea kuruka. Msikilizaji hasahau uliyomwambia jana. Ukija na msimamo mpya, sentensi yako ya kwanza inapaswa kueleza nini kimebadilika tangu ule wa zamani. Hilo halikufanyika.

Boisjoly alieleza mbele ya tume kwamba usiku ule mzigo wa ushahidi uligeuzwa. Kwa kawaida mkandarasi alitakiwa kuthibitisha kwamba ni salama kuruka. Safari hii walitakiwa kuthibitisha, pasipo shaka yoyote, kwamba si salama. Alipotakiwa atoe namba za hatari, alikiri hana data ya kuzitoa. Alichojua ni kwamba wanaelekea kubaya. Alisema kweli, na ukweli huo ulimponza, kwa sababu hakuna aliyesimama na kusema kwamba swali lenyewe limegeuzwa juu chini. Ukiona umeanza kubanwa uthibitishe jambo ambalo kwa haki lilikuwa juu ya mwenzako kulithibitisha, acha slaidi. Lirudishe swali mahali pake kwanza. "Tuonyesheni ushahidi kwamba pete hizi zitaziba kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri" ni sentensi ambayo NASA wasingekuwa na jibu lake, maana hakukuwa na safari hata moja iliyokaribia hapo.

Msikilizaji alikuwa chumba kimoja nao

Katikati ya mabishano, George Hardy wa NASA alisema mapendekezo ya Thiokol yamemshtua. Halafu akaongeza kwamba hatakubali kurusha kinyume cha ushauri wa mkandarasi.

Isome tena sentensi hiyo ya pili. Ina maana kwamba usiku ule wahandisi hawakulazimika kuishawishi NASA hata kidogo. NASA ilikuwa tayari kukasirika na kutii. Kilichohitajika ni "hapana" ya Thiokol ibaki palepale. Msikilizaji aliyekuwa na uamuzi mkononi hakuwa Alabama wala Florida. Alikuwa ameketi nao meza moja huko Utah: wakubwa wanne wa kampuni yao, na hasa Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, aliyekuwa amewasilisha yeye mwenyewe ushauri wa kutokuruka.

Thiokol waliomba dakika tano za kujadiliana wenyewe, simu ikazimwa sauti. Dakika tano zikawa kama nusu saa. Jerald Mason, mkubwa kuliko wote chumbani, alisema sasa inabidi ufanyike uamuzi wa kimenejimenti. Mhandisi Arnie Thompson aliinuka kwenye kiti chake, akaisogelea meza ya wakubwa, akaweka karatasi mbele yao na kuanza kuchora kiungio kwa mkono, aeleze kwa mara nyingine hofu yake. Alipoona haeleweki, aliacha. Boisjoly akachukua picha za masizi, akawaonyesha, akawasihi waangalie rangi. Naye akaacha alipoona hakuna anayemsikiliza. Mason akamgeukia Lund na kumwambia avue kofia ya uhandisi na avae kofia ya menejimenti. Wakubwa wanne wakapiga kura peke yao. Simu iliporudi hewani, Joe Kilminster, mmoja wa wanne hao, alisoma msimamo mpya: data haitoshi kuhitimisha, rukeni. NASA wakauliza kama kuna mwenye neno. Kimya.

Najiuliza kila mara, Lund alikuwa na nini mkononi wakati ule? Alikuwa na slaidi 13, majibu ya vipande vipande, na namba 12 iliyokuwa imeshatobolewa mbele yake. Hakuwa na sentensi moja ambayo angeweza kumtazama Mason machoni na kuirudia bila kutetereka. Wengi wetu tunapoandaa wasilisho tunamfikiria mtu tutakayemwonyesha slaidi, na tunamsahau yule atakayebanwa baadaye ajitetee kwa nini alikubaliana nasi. Huyo ndiye anayehitaji kupewa maneno. Unamwandalia hoja fupi, ngumu, inayobebeka, ambayo ataweza kuisema wewe ukiwa umenyamazishwa. Mchoro wa Thompson na picha za Boisjoly vilikuwa hatua sahihi kabisa, zilizofika nusu saa baada ya wakati wake.

Walichokuwa nacho

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba ushahidi wa kubebeka ulikuwepo. Mwaka 1985 wahandisi haohao walifanya jaribio la maabara lisilo na utata. Waliukandamiza mpira wa pete kwa bamba la chuma, kisha wakaliondoa bamba polepole na kupima kama mpira unalifuata. Kwenye nyuzi 38, mpira haukuachana na chuma hata kidogo. Kwenye nyuzi 24, uliachana nalo kwa sekunde 2.4. Kwenye nyuzi 10, baada ya dakika kumi ulikuwa bado haujalifikia, wakasimamisha jaribio.

Namba hizo ningezianza nazo. Ningeacha safari mbili zilizovuja zije baadaye, kama ushuhuda wa kuunga mkono. Kama ningeandika dakika mbili za kwanza za wasilisho lile, kwa kutumia tu waliyokuwa nayo usiku ule, zingekuwa hivi:

"Tunashauri msirushe kesho. Roketi ikiwashwa, pete ina sehemu ya sekunde tu kuuziba mwanya. Maabara, kwenye nyuzi 10, ilipewa dakika kumi ikashindwa. Kesho itakuwa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Mtauliza kuhusu Oktoba, ilivuja kwenye nyuzi 24. Ni kweli. Baridi si sababu pekee ya kuvuja. Picha hii ya kijivu ndiyo nyuzi 24, na hii nyeusi ndiyo nyuzi 12. Mtauliza kuhusu majaribio ya ardhini. Hata hayo hayakuwahi kushuka chini ya nyuzi 8. Agosti tuliwaambia muendelee kuruka. Hatukuwa tunazungumzia baridi hii. Hatuna namba kamili ya mpaka wa usalama, na hatutawapa ya kubuni. Tunachojua ni kwamba hakuna aliyewahi kuruka karibu na hapo, na mpira tuliopima ulikataa hata kwenye nyuzi 10."

Hakuna ufundi wa jukwaani humo, wala sauti ya kupanda na kushuka. Kuna ombi mwanzoni, sababu moja inayoonekana, mapingamizi matatu makubwa yaliyotajwa na mtoa hoja mwenyewe, na kukiri wazi kile asichokijua. Hilo la mwisho watu wengi hulikwepa wakidhani litawadhoofisha. Usiku ule, kutokukiri ndiko kulikoiangusha namba 12.

Tarehe 11 Februari 1986, kwenye kikao cha hadhara cha tume, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira wa pete kwa kibano kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, akakitoa na kulegeza kibano. Mpira haukurudi mara moja kwenye umbo lake. Dunia nzima ikaelewa. Mara nyingi tukio hilo hutajwa kuonyesha jinsi wahandisi walivyopaswa kufanya, na ulinganisho huo una dhuluma ndani yake. Feynman alizungumza na watu waliokuwa wakitafuta jibu, mbele ya kamera, wiki mbili baada ya msiba. Wahandisi walizungumza kwa simu na watu waliokuwa na ratiba ya kuruka. Tunachoweza kujifunza kwake ni kidogo lakini kina thamani: alionyesha chanzo. Orodha za matukio hubishaniwa usiku kucha, ila mpira uliokataa kurudi mbele ya macho yako hauachi nafasi kubwa ya ubishi.

Haki kwa wahandisi

Edward Tufte, bingwa wa kuonyesha data kwa michoro, aliandika mwaka 1997 kwamba slaidi zile zilificha ukweli, na kwamba mchoro mmoja wa safari zote, zilizopata hitilafu na zisizopata, ungeonyesha hatari waziwazi. Ripoti ya tume ilikuwa imeshatoa hesabu yenyewe: safari nne zilizokuwa na pete za nyuzi 17 au chini yake zote zilipata hitilafu, na katika 20 zilizokuwa na nyuzi 19 au zaidi, tatu tu ndizo zilizopata. Walichoacha wahandisi ni safari zilizokwenda salama, na bila hizo huwezi kuona kwamba joto lilikuwa likilinda. Boisjoly na wenzake walimjibu Tufte kwa ukali. Walisema amechanganya joto la hewa na joto la pete, na kwamba anawalaumu kwa kutoonyesha data ambayo usiku ule hawakuwa nayo.

Naegemea upande wa wahandisi kwenye ubishi huo. Mchoro kamili wa safari 24 haukuwa mezani mwao. Na tume haikusema msiba ulitokana na slaidi. Ilionyesha utaratibu wa uamuzi uliokuwa na kasoro, na menejimenti ya Thiokol iliyogeuza msimamo kinyume cha wahandisi wake ili kumridhisha mteja mkubwa. Allan McDonald, mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, alikataa kutia saini ruhusa ya kuruka, ikabidi itiwe saini Utah na kutumwa kwa faksi. Mtu anaweza kusema kila kitu kwa ufasaha na bado akashindwa na mwenye cheo. Lakini kwa kuwa Hardy alisema alichosema, naamini pia kwamba usiku ule ulikuwa karibu mno, na wasilisho lililomwekea Lund silaha mkononi lingeweza kutosha.

Kwa hiyo, kabla ya wasilisho lolote lenye uzito, fanya kazi moja ambayo haihitaji kipaji cha kuzungumza. Mpe mwenzako slaidi zako, umwombe azisome kwa nia ya kukukatalia. Asikwambie kama zinapendeza. Akuonyeshe mstari ambao angeutumia dhidi yako. Mstari wa Oktoba 1985 angeuona ndani ya dakika moja. Kisha muulize ni nani hasa ataulizwa baada ya wewe kutoka chumbani, umwandikie mtu huyo sentensi mbili, na uzisogeze sentensi hizo mbili ziwe slaidi yako ya kwanza.